Anayemtibu mama si daktari: je, tumhamishie Mombasa?

SWALI: Assalaam aleikum. Mama yetu ana miaka 65, ana presha na sukari, na anaishi kisiwani Pate. Kila mwezi huenda kituo cha afya cha huko, na anayemwona ni kijana afisa wa kliniki. Kwa miezi mama alikuwa na kikohozi kikavu, tukamnunulia dawa za maji za kila aina, wapi! Kijana yule akaagiza makohozi yapimwe, yakatoka safi, kisha akamwachisha enalapril na kumwandikia losartan. Kaka yetu aliye Marekani alipoambiwa alikasirika. Anasema huko mtu kama huyo ni msaidizi wa daktari, na habadilishi dawa bila daktari kuwa nyuma yake. Anataka mama apelekwe Mombasa kwa daktari bingwa kila mwezi, nauli atatuma yeye. Mama hataki kusikia. Mimi niko katikati. Huyu kijana ana mamlaka ya kufanya aliyoyafanya? Na tumwachie mama mikononi mwake?

— Msomaji, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, dadangu. Nianze na dawa, maana hapo ndipo kaka alipokasirikia, na hapo ndipo kijana alipofanya kazi nzuri.

Enalapril ni dawa nzuri ya presha, na kwa mwenye sukari ina faida ya ziada ya kulinda figo. Ila ina ila yake: baadhi ya wanaoimeza hupata kikohozi kikavu cha kuwasha koo, kisichosikia dawa ya maji wala tangawizi. Pengine huanza wiki chache baada ya dawa kuanzishwa, pengine miezi, ndiyo sababu mgonjwa haunganishi kidonge cha asubuhi na kikohozi cha usiku. Hakitibiwi kwa kuongeza dawa. Hutibiwa kwa kuiondoa ile inayokileta, na wengi hupata nafuu katika wiki moja hadi nne, ingawa wapo wanaochelewa. Losartan hushusha presha kwa njia iliyo jirani, nayo hulinda figo, lakini kikohozi kile ni nadra kukileta. Daktari bingwa wa Mombasa angefanya hivyo hivyo.

Na yale makohozi ambayo kaka huenda aliyaona ni kupoteza wakati, mimi ndiyo yaliyonifurahisha. Nchini kwetu kikohozi kilichopita wiki mbili hakipewi jina lolote kabla ya kuuliza habari ya kifua kikuu, na mwenye sukari yuko katika hatari kubwa zaidi ya kukipata kuliko asiye nayo. Kijana alifunga mlango huo kwanza, ndipo akafungua wa pili. Huyo ni mtu anayefikiri.

Lipo jambo moja hukuliandika, nami ningependa ulijue: je, aliagiza damu ipimwe figo na potasiamu wiki chache baada ya dawa mpya? Losartan inaweza kupandisha potasiamu, hasa kwa mtu mzima mwenye sukari ambaye figo zake hazina nguvu za ujana. Vituo vingi vidogo havina mashine ya kipimo hicho, kwa hivyo lazima mgonjwa au damu yake ivuke hadi Amu, mji mkuu wa Lamu. Kama hakuagiza, mkumbushe. Hatachukia.

Sasa mamlaka. Kaka amechukua picha ya huko aliko akaitundika Pate, na ukutani pake haikai.

Kenya, afisa wa kliniki si msaidizi wa mtu. Wengi wao wamesoma stashahada ya miaka 3, wengi katika vyuo vya KMTC, taasisi ya serikali ya mafunzo ya utabibu iliyoanza 1927 na ambayo leo ina kampasi Lamu na Malindi pia. Baada ya masomo hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya usimamizi kabla ya kupewa leseni. Siku hizi wako pia wenye shahada ya miaka 4 na mwaka huo huo wa mazoezi juu yake. Daktari husoma miaka 6 na mwaka wa mazoezi, kwa hivyo pengo lipo na sitalificha. Lakini kazi yao ina sheria yake tangu 1988, iliyoandikwa upya 2017, na ina Baraza lake lenye rejista ya waliosajiliwa na leseni ya kuhuishwa. Kwa sheria hiyo afisa wa kliniki humpima mgonjwa, hutaja ugonjwa, huandika dawa, hulaza na hutoa rufaa kwa sahihi yake mwenyewe. Ndiye mara nyingi anayejaza P3, fomu ya polisi ya majeraha, mtu akipigwa, na ndiye anayesimama kizimbani kuieleza. Akibadilisha enalapril kwa losartan hajavuka mpaka wowote. Angeogopa kuibadilisha, hapo ndipo ningekuwa na neno naye.

Wako pia waliorudi darasani wakachukua stashahada ya juu: usingizi wa upasuaji, watoto, macho, masikio na koo, mapafu na ngozi, mifupa, afya ya akili, uzazi. Wa macho, wakifunzwa upasuaji, hutoa mtoto wa jicho. Wazee wengi wa mwambao wanaosoma msahafu leo bila kusaidiwa walifanyiwa kazi hiyo na afisa wa kliniki, na hadi leo humwita daktari. Sioni haja ya kuwasahihisha.

Msaidizi wa daktari wa Marekani ana asili tofauti. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Duke, daktari Eugene Stead aliona madaktari hawatoshi, na aliona pia kuna vijana waliotoka jeshi la majini wakiwa wametibu majeruhi lakini uraiani hawana cheti cha kazi hiyo. Akachukua wanne akaanza kuwafundisha. Kada hiyo ilibuniwa tangu siku ya kwanza ikae ubavuni mwa daktari. Leo wako zaidi ya 150,000, husoma shahada ya kwanza na kisha miaka 2 na zaidi kidogo ya utabibu, na huandika dawa katika majimbo yote 50. Kiasi cha usimamizi kinategemea jimbo, na kwa miaka kamba imekuwa ikilegezwa. Kwa hivyo kaka ana haki nusu. Katika majimbo mengi ya kule daktari yupo nyuma yake kwa mujibu wa sheria au mkataba, lakini hata kule msaidizi wa daktari akikutana na kikohozi cha enalapril hapigi simu kuomba ruhusa. Huibadilisha, akaandika kwenye faili, akaita mgonjwa mwingine.

Uingereza ndiko kulikowaka moto hivi karibuni, na mfano wake unatufaa zaidi. Waliwaleta wasaidizi hawa katika hospitali na kliniki zao, wagonjwa wakawa hawajui wanayezungumza naye ni daktari au siye, vikatokea vifo vilivyozua kelele, serikali ikaunda uchunguzi chini ya Profesa Gillian Leng. Ripoti ilitoka Julai 2025. Moja ya mapendekezo yake ni kwamba msaidizi asiwe wa kwanza kumwona mgonjwa ambaye ugonjwa wake bado haujajulikana, ila pale penye mwongozo maalumu.

Lisome tena hilo, dadangu, halafu ufikirie kituo cha Pate. Mtu akiingia pale na homa, na tumbo, na kizunguzungu, nani ameshajua ana nini? Hakuna. Jambo ambalo Uingereza inasita kumpa msaidizi ndilo afisa wetu wa kliniki analofundishwa tangu mwaka wa kwanza: kuanza na mgonjwa asiyejulikana ana nini. Wenzetu walimjenga msaidizi wa kumpunguzia daktari kazi, sisi tukamjenga mtu wa kuwa mahali ambapo daktari hafiki. Ukizilinganisha kada mbili kwa jina peke yake utapotea njia, kama alivyopotea kaka.

Je, wanafanya vizuri? Utafiti ninaouheshimu ni wa upasuaji wa kujifungua, kwa sababu hapo kosa halijifichi. Mwaka 2011 jarida la utabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 6, zenye wanawake wapatao 16,000, ukilinganisha upasuaji uliofanywa na maafisa wa kliniki katika nchi zinazowaruhusu na ule uliofanywa na madaktari. Katika vifo vya mama na vya watoto hawakuona tofauti ya maana. Lakini vidonda kupata maambukizi na kufumuka vilionekana zaidi upande wa maafisa wa kliniki. Mimi nayasoma matokeo yote mawili, si lile linalonipendeza tu. La kwanza linasema watu hawa wanaweza kukabidhiwa kazi nzito. La pili linasema pengo la mafunzo halizibwi kwa kusifiwa, huzibwa kwa kufundishwa zaidi na kwa kuwa na mkubwa wa kuulizwa.

Hapo sasa nije kwenye wasiwasi wangu, maana ninao, ila si ule wa kaka.

Upande wa afya tangu ugatuzi wa 2013 umekuwa ukisukumwa kuelekea vituo vya chini. Sera ya kugawana majukumu ya 2017 iliandika wazi kazi ambazo kada zisizo za daktari zinaweza kufanya. Oktoba 2023 zikatiwa sahihi sheria nne za afya kwa mkupuo. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaopita mlango kwa mlango, wakapewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Oktoba 2024 bima ya taifa ya afya, NHIF, ikaondoka na mamlaka mpya, SHA, ikaingia, na katika mpango huo huduma za zahanati na kituo cha afya hulipwa na mfuko wa serikali wa huduma za msingi, mradi mgonjwa amesajiliwa. (Kama mama hajasajiliwa, msajilini wiki hii, kabla hajahitaji.) Maana yake ni kwamba lango la hospitali limehamishiwa kijijini, na aliyesimama langoni ni afisa wa kliniki au muuguzi. Wahamasishaji watawagundua wagonjwa wa presha kwa wingi kuliko zamani, na wote watamwagikia yeye.

Kumwongezea mtu kazi ni rahisi. Kumwongezea mashine ya maabara, dawa zisizokatika, mwenzake wa zamu, na daktari anayepokea simu, hapo ndipo bajeti huanza kukohoa. Mwaka 2024 maafisa wa kliniki waligoma tangu Aprili hadi Julai, na ulipokuja mpango mpya wa SHA walilalamika kwamba umewaacha nje katika idhini za matibabu: mfumo unaowategemea kutibu ukawa hautaki sahihi yao. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya migomo. Mimi nasema tu kwamba kijana aliye peke yake kituoni, anayeona wajawazito asubuhi, watoto mchana na ajali ya bodaboda usiku, hatakuwa na dakika za kufikiri juu ya kikohozi cha mama yako kila mara. Safari hii alikuwa nazo. Afisa wa kliniki akitumiwa kuficha kwamba daktari hakuajiriwa, anayeumia ni mgonjwa, na kijana ndiye atakayelaumiwa.

Kwa hivyo swali la kumwuliza si "wewe ni daktari?" Mwulize hivi: ukikwama, unampigia nani? Mwenye jibu la haraka, aliye na namba ya daktari wa hospitali ya Faza hapo Pate au ya King Fahd huko Amu, au kundi la simu wanaloshauriana, huyo yuko ndani ya mfumo. Anayesema hakwami, mwogope, awe na vyeti vya aina gani. Jambo la pili la kutazama ni rufaa. Katika mwaka mzima amewahi kumpeleka mama popote? Mgonjwa wa sukari asiyewahi kupewa rufaa hata ya macho haangaliwi inavyotakiwa, hata akipewa dawa kila mwezi bila kukosa.

Na tafadhali, ninaposema afisa wa kliniki nakusudia aliyesajiliwa na Baraza. Malindi, Amu, kila mji wa mwambao una duka la dawa ambalo mwenye koti jeupe hupima, hutaja ugonjwa, na huuza dawa hapo hapo. Huyo hayumo katika majibu yangu haya.

Basi, mama apelekwe Mombasa kila mwezi? La. Nitakuambia kwa nini, na si kwa sababu ya nauli.

Presha na sukari ni magonjwa ya mazoea. Yanatulizwa na mtu anayemwona mgonjwa mara kwa mara na kumjua. Kijana wa Pate anajua kama mama hufunga Ramadhani, na lazima alijue hilo mapema, kwa sababu dawa za sukari hupangwa upya zifuate futari na daku. Glibenclamide, kidonge cha sukari, kama anaimeza, inaweza kumshusha sukari hatari alasiri ya saumu. Anaweza kumwuliza kuhusu mwarobaini anaokunywa kwa siri, ambao nao unaweza kushusha sukari ukichanganyika na vidonge. Daktari bingwa anayemwona kwa dakika chache, baada ya safari ya boti na basi iliyompandisha presha yenyewe, hapati hayo. Halafu kuna bahari. Boti za Pate hungoja maji yajae ndipo zipite mkondo wa Mkanda, na miezi ya kusi si ya kumsafirisha mtu mzima kila mara. Mgonjwa akichoshwa na safari huanza kuruka miadi, na anayeruka miadi huruka dawa.

Lakini kaka asiambiwe kwamba hana neno. Bingwa anahitajika, ila si kila mwezi. Ningempeleka mama mara moja kwa mwaka kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, Malindi akipatikana huko au Mombasa, akiwa na karatasi zote. Kabla ya hapo avuke Amu apimwe figo, potasiamu, protini katika mkojo, na kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu. Macho yatazamwe ndani kwa dawa ya kupanua mboni, kila mwaka, hata kama anaona vizuri, kwa sababu sukari huharibu nyuma ya jicho muda mrefu kabla ya mtu kujua. Miguu itazamwe kila anapokwenda kituoni, viatu vikiwa vimevuliwa. Hilo halitaki mashine, na ndilo linalosahauliwa zaidi.

Bingwa aonwe mapema kama presha inakaa juu ya 140/90 ilhali mama anameza dawa tatu kikweli, kama figo zinashuka, kama miguu inavimba na pumzi inakatika akilala chali, au kama kidonda cha mguu hakiponi. Na yapo yasiyongoja bingwa, wala asubuhi, wala maji kujaa: uso kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea ghafla, maneno kuvurugika, kifua kubana, presha ya 180/120 au zaidi pamoja na kichwa kupasuka, macho kufifia au kuchanganyikiwa. Hapo mpigieni simu yule kijana wakati huo huo, yeye ndiye ataita boti ya wagonjwa na kuitahadharisha hospitali, na maneno yake husikika haraka kuliko yenu. Akitetemeka na kutoka jasho jembamba, na sukari iko chini ya 4, mpeni sukari au soda ya kawaida kwanza kama anaweza kumeza, ndipo mpige simu.

Wekeni nyumbani akiba ya dawa ya wiki mbili. Hiyo ni kwa ajili ya kusi, ya mgomo, na ya siku ambayo kabati la kituo ni tupu.

Na pesa za kaka zisirudishwe. Anunue kipimo cha presha cha mkono wa juu, si kile cha kifundo cha mkono, chenye kitambaa kinachotoshea mkono wa mama. Mama apimwe akiwa amekaa kwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imegusa chini, kabla ya dawa ya asubuhi na tena jioni, kwa siku saba kabla ya kila miadi. Namba ziandikwe kwenye daftari, apewe kijana wa kituoni, na picha ya ukurasa huo huo atumiwe kaka Marekani.